Filimbi ya Saa 11 Jioni

Mtu wa kwanza kufika siku ile alikuwa mlinzi. Aliingia getini na begi mgongoni, ndani yake sare ya kazi imekunjwa na kirungu kimechomoza, maana akitoka darasani saa 2 usiku anaunganisha moja kwa moja lindoni. Kwa umri ni sawa na baba yangu mdogo. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia, "Marahaba mwalimu, hujambo?" Dakika tano hazikupita, nilikuwa nimesimama mbele yake uwanjani, filimbi mdomoni, namwelekeza aruke huku akipanua miguu na kupiga makofi juu ya kichwa. Aliruka mara tatu. Ya nne alishika kiuno, akanitazama bila kusema neno, kisha akaenda kukaa chini ya mwarobaini.

Sikumfuata. Nilikuwa na ratiba ya kumaliza.

Ilikuwa wiki ya pili ya mradi wa michezo na afya katika kituo kimoja cha elimu ya watu wazima upande wa Mbagala, jijini Dar es Salaam. Andiko la mradi lilisomeka vizuri. Wanafunzi wa jioni wangepata kipindi cha mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, saa 11 kamili, dakika 40, kabla ya masomo ya darasani. Vifaa vilishanunuliwa: mipira ya soka na ya netiboli, koni za rangi ya chungwa, filimbi, jezi zenye nembo. Maji ya kunywa hayakuwemo kwenye bajeti. Taa hazikuwemo. Sikuliandika mimi andiko lile, lakini nililisoma, nikalipenda, nikaweka saini yangu kuwa mwalimu msimamizi.

Wanafunzi wetu wengi wanajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT mitaani, ambao mtu akiufaulu anapata sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yupo dereva wa bodaboda aliyeishia darasa la saba. Yupo mama lishe anayeamka saa 10 alfajiri kuinjika maharage. Yupo binti wa saluni ambaye kutwa amesimama nyuma ya kiti, mikono juu, anasuka vichwa vya watu. Wapo wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito, mmoja wao akija na mwanawe mgongoni. Yupo kuli wa Kariakoo. Andiko la mradi liliwaita wote kwa neno moja, "washiriki", na pengine hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Jezi ziligawiwa, picha zikapigwa, soda zikanyweka. Wiki ya pili nilihesabu watu tisa. Wiki ya nne walibaki wanne, na wawili kati yao walikuwa wamewahi kwa shughuli nyingine, wakaona haya kunipita nimesimama peke yangu na filimbi.

Nilipoanza kuuliza, hakuna aliyenijibu uwanjani. Majibu nilikuja kuyapata pembeni, kwenye benchi la mama anayeuza mihogo nje ya geti, au kituoni usiku tukisubiri daladala. Mama lishe aliniambia kwamba saa 11 yeye bado anasugua masufuria, na hata angewahi, hawezi kuruka mbele ya vijana akiwa amevaa dera. Suruali ya mazoezi hana, na hata akiwa nayo hana pa kuivalia, kwa kuwa kituo kina choo kimoja na mlango wake haufungiki. Binti wa saluni alisema jasho. Akishatoka jasho anakaa darasani saa mbili na ushei amebanwa na mwenzake kwenye dawati, kisha anapanda daladala iliyoshona. "Mwalimu, nitanuka. Utakaa na mimi wewe?" Msichana mwenye mtoto aliniuliza nani angembeba mtoto wakati yeye anakimbia. Nilikuwa nimemwona na yule mtoto kila siku, na swali hilo halikuwahi kunijia.

Lipo na suala la jua. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, giza linaingia baada ya saa 12 jioni mwaka mzima bila kubadilika sana, na magharibi inaadhiniwa muda huo huo. Ukichelewa kuanza kwa nusu saa, na huwezi kuacha kuchelewa kwa foleni ya Barabara ya Kilwa, basi mwisho wa kipindi unakaribiana na adhana na giza. Mwezi wa Ramadhani nusu ya wanafunzi wamefunga, na saa hiyo ndiyo saa mwili hauna hata tone la maji. Uwanja wenyewe tuliuazima. Vijana wa timu ya mtaa huchezea hapo kila jioni, na walikuwa na haki nao kutuzidi sisi, wao ndio waliong'oa visiki.

Lakini jibu lililonikaa moyoni ni la kuli. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya darasa, viganja vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia. Nikamuuliza kwa nini haji kwenye mazoezi. Alinijibu taratibu, kwa heshima kabisa:

"Mwalimu, mimi tangu alfajiri nashusha lumbesa. Leo nimeshusha na simenti. Sasa nikimbie nini tena?"

Lumbesa wasioijua ni lile gunia linaloongezewa kilemba juu na kushonewa nyavu, hata likavuka uzito wa kilo 100 ambao vipimo halali vinaruhusu. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Nilimtazama mtu huyu, ambaye kwa siku moja amebeba uzito ambao mimi sijaubeba mwaka mzima, nikakumbuka kwamba kwenye daftari langu la mahudhurio nilikuwa nimemwandikia "hashiriki".

Taarifa ya robo ya kwanza niliiandika mimi. Fomu ilikuwa na safu ya idadi ya vifaa, safu ya idadi ya vipindi, safu ya waliohudhuria, na mwisho kisanduku cha changamoto. Humo niliandika maneno ambayo kila aliyewahi kufanya kazi za miradi anayajua: "Mwitikio ni hafifu kutokana na wanafunzi kukosa mwamko." Najuta kuyaandika. Mtu anayetoka kazini akapita shule badala ya kwenda kulala, akalipa nauli mbili, akakaa na hesabu za aljebra mpaka macho yanamwuma, unapata wapi ulimi wa kumwambia hana mwamko? Neno hilo tumelizoea kupita kiasi. Mpango ukigoma, kosa linashushwa kwa mwananchi, na aliyepanga anabaki msafi.

Jambo hili si la Mbagala peke yake. Brazil wamehangaika nalo hadi ndani ya sheria. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1996 iliifanya elimu ya viungo kuwa sehemu ya mtaala wa elimu ya msingi, lakini ikasema kwamba katika masomo ya usiku ni hiari. Mwaka 2003 ikarekebishwa. Kuanzia hapo somo likawa la lazima hata usiku, na hiari ikahamishwa kutoka kwa shule kwenda kwa mwanafunzi mwenyewe: anayefanya kazi saa 6 au zaidi kwa siku, aliyevuka miaka 30, aliye jeshini, mwenye ruhusa ya kiafya, au mwenye mtoto. Soma tena orodha hiyo. Ukiondoa mwanajeshi, ni mlinzi wangu, mama lishe wangu, kuli wangu na yule msichana mwenye mtoto mgongoni. Bunge la Brazil halikutaja jina la mwanafunzi wa usiku, lakini lilimchora sura yake yote, kisha likamwambia kwamba anaruhusiwa kubaki nje.

Huruma iliyo ndani ya sheria ile naiona. Hakuna anayepaswa kumlazimisha mtu aliyechoka aruke kamba. Na marekebisho ya 2003 yalikuwa na busara yake, kwani shule haiwezi tena kufuta kipindi kwa kisingizio kwamba ni ya usiku. Hata hivyo ruhusa ya kutokuwepo si sawa na kupangiwa kitu kinachokufaa. Ukimsamehe mtu somo bila kumuuliza mwili wake unahitaji nini, umempunguzia adha ya leo, na maumivu ya kiuno umemwachia.

Maana kuli alisema kweli, lakini hakuimaliza. Kazi ya sulubu si mazoezi. Watafiti wa afya kazini nchini Denmark, akiwemo Andreas Holtermann, wameandika kwa miaka mingi kuhusu kitu kinachoonekana kama kitendawili: mtu anayetumia nguvu katika mapumziko yake afya inaimarika, na anayetumia nguvu kwa kuajiriwa mara nyingi haipati faida ile ile, pengine anaumia. Ukitafakari unaelewa. Mazoezi ni mafupi, yana kupumzika, unayaacha ukitaka, na yanazungusha viungo vyote. Kazi ya kubeba ni ya saa nyingi, mgongo uleule, bega lilelile, presha ya damu iko juu kutwa, na anayeamua lini upumzike si wewe. Mlinzi anasimama saa 12 mpaka miguu inavimba. Msusi mikono iko juu ya moyo kuanzia asubuhi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za mwili za wastani kwa wiki, na angalau siku 2 za kuimarisha misuli. Mwongozo huo unaweza kumfikia kuli ukamdhania ameshamaliza, kumbe mwili wake haujawahi kunyooshwa hata dakika moja.

Kwa hiyo wanafunzi wa jioni ndio wanaohitaji elimu ya viungo kuliko hata watoto wa asubuhi. Nasema elimu, kwa kukusudia. Mtoto wa shule ya kutwa ana mchakamchaka, ana mapumziko, ana mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA akijaliwa kipaji. Mtu mzima anayesoma jioni hana hata kimoja. Mwezi Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, wananchi wakatakiwa kujitokeza kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Nia ilikuwa njema na nilikuwa miongoni mwa waliokimbia. Lakini Jumamosi asubuhi ndiyo siku mama lishe anauza, na ndiyo siku maroli yanashusha. Waliokimbia na mimi walikuwa watu wa ofisini.

Tulishawahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakikaa kwenye vikundi kusikiliza redio kwa wiki 12, wakijadili malaria na kuhara, kisha wakiinuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Pale mwili ulikuwa ndani ya somo. Mtu hakuitwa aje kuruka. Aliitwa na majirani zake, akafanya kwa mikono kile alichokwisha kukijadili, na alijua mtoto wake ndiye atakayenufaika. Sijui kwa nini tuliliacha darasa la watu wazima likageuka kuwa chumba cha kunakili notisi tu.

Nikitafuta mfano wa sasa nautazama Japani. Huko shule za sekondari za jioni zilianza mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikiwahudumia vijana wa viwandani, na elimu ya viungo ni somo la lazima kwao kama kwa wenzao wa mchana. Wanaifanya ukumbini, chini ya taa. Lakini kinachonigusa ni sheria nyingine kabisa, ya mwaka 1956, inayohusu chakula katika sekondari zenye masomo ya usiku. Waliopanga walitambua kwamba anayetoka kazini anafika na njaa. Kwenye andiko letu tulimpangia mtu aliyekula mara ya mwisho saa 7 mchana akimbie mizunguko minne.

Niliomba kipindi kihamishwe. Nikajibiwa kwamba mpango umeshapitishwa na saa 11 ndiyo iliyoandikwa. Basi saa 11 niliendelea kusimama uwanjani na waliokuja, kwa kuwa nilitia saini, na kipindi kingine tukakianza wenyewe ndani ya darasa, kati ya somo la kwanza na la pili, wakati ambapo zamani walikuwa wanasinzia juu ya madawati. Dakika 12. Hakuna kubadili nguo, hakuna kutoka jasho. Madawati yanasogezwa ukutani. Msichana mwenye mtoto anafanya na mwanawe mgongoni, au anampa bibi mmoja wa mstari wa nyuma.

Kabla ya kuanza nauliza swali moja: mwili wako leo umefanya nini? Mwanzoni walicheka. Siku hizi wanajibu kwa haraka, kila mtu na lake. "Nimekaa kwenye pikipiki." "Nimeinamia jiko." "Nimesimama." Aliyekaa anasimama na kuzungusha nyonga. Aliyeinama anajinyoosha, mikono juu, mgongo ukutani. Aliyesimama anakaa chini na kuinua miguu juu ya benchi. Msusi anashusha mabega na kuyazungusha kinyumenyume mpaka unasikia mifupa inalia. Sio sayansi kubwa, na mengi niliyapata kwa mtaalamu wa viungo wa hospitali aliyekubali kuja Jumamosi mbili bila malipo. Mengine yalitoka kwao. Siku moja nilikuwa naeleza namna ya kuinua mzigo kutoka chini, magoti yakunjwe, mzigo uwe karibu na kifua. Kuli akaniachia nimalize, kisha akasimama. "Mwalimu, hiyo ni kwa mzigo wenye pa kushika," akasema. "Gunia halina pa kushika." Akachukua begi la mlinzi, akalijaza vitabu vya darasa zima, akatuonyesha jinsi unavyolilaza gunia kwenye paja kwanza, unapumua, ndipo unalipandisha begani. Mama lishe akauliza kama inafaa kwa sufuria la wali. Wakajaribu kwa ndoo ya maji. Tukavuka dakika 12 tukafika 30, mwalimu wa Kiingereza akawa amesimama mlangoni na chaki yake, naye hakusema kitu.

Wapo walioendelea kukaa. Kijana mmoja anayesoma kwa bidii sana aliniuliza tangu mwanzo, "Hili linakuja kwenye mtihani?" Nikamwambia ukweli kwamba haliji. Akarudi kwenye biolojia yake, sura ya mfumo wa misuli, na sikumlaumu. Mtu anayejilipia ada kwa kuuza maji ya kandoro, yale ya vifuko, barabarani ana haki ya kupima kila dakika. Ningetamani tu waandaaji wa mitaala walisikie swali lake, kwa kuwa kisichopimwa kinaonekana hakina thamani, hata mbele ya mtu ambaye mgongo unamwuma akiwa ameketi palepale akisoma habari za misuli.

Mradi ulifungwa baada ya mwaka. Walikuja kuhesabu vifaa. Mipira yote ilionekana, karibu yote ikiwa mipya, na koni zilikuwa bado kwenye nailoni yake. Kwenye taarifa ya mwisho niliomba kuandika kuhusu zile dakika 12 na nikaelezwa kwa upole kwamba fomu haina safu yake. Nikaziandika nyuma ya karatasi, kwa mkono. Sijui kama kuna aliyeigeuza.

Juzi, kama saa 5 usiku, nilikuwa natembea kutoka kituoni kwenda nyumbani nikapita mbele ya ghala ambalo yule mzee analinda. Taa ya getini ilikuwa inawaka. Alikuwa ameshika nondo za geti kwa mkono mmoja, visigino juu, chini, juu, chini, viatu vya kazi vimelegezwa kamba kama tulivyokubaliana. Nilimwamkia. Akaniinulia mkono mmoja nisubiri, akamaliza kuhesabu mpaka ishirini, ndipo akaitikia marahaba.